Kumwandikisha Radi

Nyumbani, nyuma ya bucha,
Jumapili, baada ya kufunga.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu,

Pokea salamu zangu nzito, nzito kama paja la ng'ombe, maana ndizo nilizo nazo. Hujambo huko uliko? Kifua kimepoa? Ile dawa ya kunywa na maji moto unainywa kweli, au umeiweka dirishani iwe pambo, kama ninavyokujua? Na hao wachimba mawe wako bado unawapikia maharage yenye kokoto? Ukinijibu, anza na hayo kabla hujaanza kunigombeza, kwa sababu najua utanigombeza.

Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu. Nikisema wazima nielewe vizuri: tunapumua, tunakula, tunagombana. Jicho langu la kulia halijafunguka sawasawa, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima usidhani nimelewa. Habari za jicho nitazifikia.

Mama mdogo ameng'olewa meno ya mbele na sasa anatutukana kwa mluzi. Binti yake amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya king'ora, na wanasema amefanana na mimi. Sijui kama ni sifa au ni tusi. Bucha linakwenda. Watu hawajaacha kula nyama na hawajaacha kulalamika kwamba mifupa ni mingi, kana kwamba mimi ndiye niliyemuumba ng'ombe.

Sasa nikueleze habari za kaka yako.

Mara ya mwisho ulipomwona Radi alikuwa bado bondia. Huyo wa sasa hawezi kufunga kifungo cha shati. Anakula, na sahani haijaoshwa anauliza mbona leo hatujapika. Mikono inamtetemeka mpaka chai inamwagika. Ila hasira ikimpanda, ajabu, mikono inatulia tuli, na hapo ndipo pa kukimbia. Nesi wa jirani anasema ni zile ngumi za kichwa, zimemchubua ubongo kidogo kidogo miaka yote tuliyokuwa tunashangilia. Nyama ya paja ukiiponda inalainika, ndugu yangu. Ubongo ukiupondaponda unaharibika tu.

Shemeji yako ameondoka na watoto, wala usimlaumu. Radi alimvunja taya mezani, kijiko kikiwa bado mdomoni, eti amemnyang'anya kibiriti. Nilimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa nyama, amelala kifudifudi ili asipaliwe na damu, mimi nasukuma huku natukana kila aliyesimama njiani. Taya limefungwa waya. Anakunywa uji kwa mrija. Ameniambia kwa kuandika kwenye kiganja changu kwamba anampenda na kwamba harudi, na nikaona yote mawili ni kweli.

Basi nikabaki naye mimi. Buchani siwezi kwenda naye, visu vimejaa kila mahali. Kumfungia ndani nimejaribu, mlango akautoa kwa bega pamoja na bawaba zake. Mchana mmoja nikiwa napasua mbavu, akatoka. Muuza mkaa wa pale kwenye kona, maskini, alifurahi kumwona na akamgusa bega kwa nyuma amsalimie. Radi akageuka. Ya kwanza ilivunja pua. Ya pili ilimtupa juu ya magunia. Na baada ya hapo hakukimbia, alikwenda kusimama penye ukuta, mikono kaiegemeza, akingoja refa ahesabu.

Wewe unajua ndivyo wanavyofundishwa: ukimwangusha mtu, nenda pembeni ungoje hesabu. Watu mtaani hawajui. Walidhani anawakejeli. Yowe likapigwa, na kufumba na kufumbua mawe yakaanza kumwangukia, na yeye palepale ukutani, kasimama kama mtu anayenyeshewa na mvua, damu inamtiririka masikioni. Nilipofika walishaleta tairi. Nasema tairi, mdogo wangu, na dumu la mafuta, na kijana mmoja namjua kabisa, huja kununua maini kwangu, alikuwa ameshika kibiriti.

Nilikuwa na aproni yangu yenye damu na shoka mkononi, nadhani waliamini nimeshaua. Niliingia katikati natukana matusi ambayo mama alinikataza. Mmoja alijifanya shujaa, nikamtwanga begani kwa ubapa wa shoka, mfupa ukalia, akakaa chini. Waliobaki wakarudi nyuma. Lakini hawakuondoka bila kuniachia neno: siku wakimkuta nje peke yake tena, hawatamngoja mwenye shoka. Na hawatanii. Muuza mkaa alilala hospitali mpaka tukadhani hatoki, ametoka na uso si wake.

Kwa hiyo usiniambie habari za aibu. Nilikupigia simu, nikakueleza alivyonishauri nesi: serikali ina msaada kwa watu wenye ulemavu, wanatoa mhudumu wa kukaa na mgonjwa nyumbani, mtu aliyefundishwa kazi hiyo, ilimradi mgonjwa apimwe na akubaliwe. Ukasema Radi si kiwete. Ukasema kumwandikisha ni kumzika hai. Ukanikatia simu. Haki ya Mungu, ungekuwa karibu ningekutandika na utumbo mbichi. Aliyetaka kumzika hai alikuwa na kibiriti mkononi, siyo kalamu.

Nikampeleka kupimwa. Na hapa ucheke kidogo, maana mimi nililia.

Wewe uliyekuwa unamshikia ndoo ya maji unakumbuka ilivyokuwa kabla ya pambano. Daktari anakuja na mzani wake na tochi yake, na bondia hata kama mbavu zimepasuka anacheka. Kwa daktari hakuna anayeumwa, ukisema unaumwa hupigani. Sasa Radi kuingia tu pale akaona koti jeupe, akaona mzani. Loo! Akavua shati kwa kulikata vifungo vyote, akabaki na chupi, akapanda mzani mwenyewe na kifua kakitunisha. Tochi machoni, hapepesi. Simama kwa mguu mmoja, kasimama kama nguzo. Akaulizwa leo siku gani, akajibu siku ya pambano, leo kuna mtu anakufa. Daktari akacheka, akadhani ni mcheshi. Akamwomba akunje ngumi, na kaka yako akaupiga upepo mpaka karatasi zikaruka mezani. Karani akapiga makofi! Watu wamekuja kupima ulemavu, wanapiga makofi.

Na mimi nikafanya nini? Nilikuwa nimemnyoa, nimempaka mafuta, nimemvalisha suruali yenye mkunjo kama bwana harusi, ili wasiseme hatunzwi. Mdomo wangu ulikuwa umepasuka, amenipasua yeye juzi yake. Daktari akauliza, nikasema kipande cha mfupa kiliniruka buchani. Akauliza kama ananisumbua nyumbani. Radi alikuwa ananitazama kwa furaha, jasho linamtoka, kama zamani akishinda. Nikasema hapana, ni mpole. Mficha uchi hazai, na mimi siku ile nilificha mpaka nikajifunika gubigubi.

Majibu yakaja: mwombaji ana nguvu kamili na akili ya kutosha, hahitaji mhudumu. Siku hiyo wateja wangu walikula vipande vya mifupa, maana nilikata nyama kama namkata mtu. Kisha nikaenda ile ofisi na aproni yangu, nikapiga meza mpaka wino ukamwagika. Askari wa mlangoni akanishika kunitoa, nikamng'ata mkono. Ndiyo, nilimng'ata, na bado nina meno yangu yote, mwambie mama mdogo. Afisa mmoja mwanamke akanikalisha nje akanipa maji. Akasema kuna rufaa, nije tena, na safari hii nimlete alivyo, nami niseme lililopo. Akasema wanampima mtu wanayemwona, hawaioni nyumba.

Kabla ya siku ya rufaa ndipo jicho lilipoumizwa. Ni asubuhi, namvalisha shati, na kwa ujinga wangu nikapita nyuma yake kuvuta mkono wa shati. Ngumi ya kushoto, ileile yake. Niliusikia mfupa wangu wa shavu ukivunjika, ulilia kama ukuni mkavu. Nilipozinduka niko chini, kichwa uvunguni mwa kitanda, na yeye yuko pembeni ya ukuta, ametulia, anangoja refa. Nikatambaa nikachukua mchi, nikampiga nao miundi mpaka akakaa. Sikufichi. Nilimpiga kama anavyopigwa nyoka, natukana, damu inaniingia mdomoni. Akalia. Nami nikalia. Kisha akaniuliza kama kuna chakula, na nilipomgeukia nikaona ameshasahau, uso umekunjuka kabisa, anashangaa mbona sakafu imelowa.

Siku ya rufaa sikumnyoa. Sikujifunga hata mtandio, nyuzi nilizoshonwa shavuni zote nje, jicho limevimba kama ndulele. Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu: daktari yuleyule, yule afisa aliyenipa maji, na mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani. Mlangoni askari wangu, mkono umefungwa bendeji, ananitazama kwa adabu. Radi alikaa kando yangu, mkoba wangu kaupakata mapajani.

Mwenyekiti akaniuliza moja kwa moja: mama, nani amekupiga?

Nilikuwa nimeapa nitasema. Njia nzima nilikuwa najisemesha. Lakini mtu yuko hapo, amekushikia mkoba. Nikautazama mkoba. Na yeye swali alilisikia. Akanigeukia, akanitazama usoni kama ndiyo kwanza ananiona tangu tuzaliwe. Akazigusa nyuzi kwa ncha ya kidole, polepole, kwa huruma ambayo sikuipata hata kwa nesi aliyenishona.

"Dada," akasema, "nani kakupiga?"

Nikakiondoa kidole chake shavuni.

"Mtaje tu. Mtaje."

Mikono yake ikatulia. Nikajua tumekwisha. Akainuka, akatafuta mwanamume mkubwa kuliko wote mle ndani, akamwona askari. Mbili tu. Ya mbavu, halafu ya kidevu, na askari akapita na mlango. Meza ikapinduka. Afisa akapiga kelele. Mwenyekiti akabana ukutani, miwani imemwanguka, na daktari akataka kutoka chini ya meza kwa magoti, Radi akamkamata ukosi akamwinua kwa mkono mmoja mpaka akabaki kwa ncha za viatu. Akawa ananiuliza, machozi yanamtoka: "Ni huyu, dada? Sema, ni huyu?" Na mkono wa kushoto umeshakwenda nyuma. Mimi nimeuona ule mkono ukienda nyuma maisha yangu yote. Najua ukirudi nini kinatokea, na shingo ya yule daktari ni kama ya kuku.

Nikasema, "Ni wewe, Radi. Ni wewe uliyenipiga."

Ngumi ikabaki hewani. Akasema, "Muongo wewe." Lakini alisema kwa sauti ya chini. Nikamwendea, mbele yake, si nyuma, nikaushusha ule mkono nikauweka shavuni pangu, juu ya nyuzi. Akaviangalia vidole vyake, akaliangalia shavu. Akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha kama fundi anayekagua kazi. Na mtu hasahau kazi yake, mdogo wangu, hata akisahau jina lake.

"Hii ni ya kushoto," akasema. "Hii ni ya kwangu."

Akamwachia daktari. Akaokota kiti, akakisimamisha vizuri, akakaa. Kisha akamnyooshea mwenyekiti mikono yote miwili, kama bondia anayengoja kuvuliwa glovu.

"Niandikeni," akasema.

Yule mama akaokota miwani yake, akauliza amwandike nini.

"Andika huyu mtu asiachwe peke yake."

Hilo ndilo lililoandikwa, na hakulisema dada yake wala daktari. Amelisema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwa muda ule mdogo aliorudi kwetu. Kwa hiyo ukitaka kugombana na mtu kuhusu kumwandikisha Radi, gombana naye.

Msaada tumepewa. Mhudumu ameshaanza kazi, mtu mfupi mnene, zamani alikuwa wodi ya wagonjwa wa akili, na hapiti nyuma ya mtu hata ukimlipa. Anamsemesha kwanza, ndipo anamgusa. Siku ya kwanza Radi alimtoa jino, nikajua basi, huyu harudi. Asubuhi yake nikamkuta mlangoni na pengo lake, anauliza mgonjwa ameamkaje. Radi anamwita Kocha. Wanatembea pamoja mpaka kwenye kona na kurudi, na wale wa mawe wanawapisha njia. Yule wa kibiriti alikuja juzi kutaka maini, nikamwuzia bandama. Askari mbavu zake zinapona, namtumia supu, na ameniomba msamaha mimi badala ya mimi kumwomba yeye. Ama kweli dunia ina watu.

Lakini Kocha ni wa mchana. Nikifunga bucha, naye anakwenda kwa mkewe na wanawe, ndivyo serikali ilivyopanga, na sina neno. Akishatoka, kaka yako ananitazama usoni. Dada, nani kakupiga? Siku za mwanzo nilimwambia ukweli, kwa kuwa ukweli ndio uliotupa msaada. Alilia kila jioni, upya, kama ndiyo kwanza anausikia. Nikashindwa. Sasa namwambia aliyenipiga ulishampiga wewe, hatarudi. Anaitikia kwa kichwa, anaridhika, anakula. Kisha tunabaki wawili mpaka kunakucha, mimi nikiwa nimeegemeza mgongo ukutani ili asinijie kwa nyuma.

Mdogo wangu, mimi ni mkali, unanijua. Sijawahi kumwambia mtu kwamba naogopa. Naogopa. Zile fomu zao zilikuwa na mahali pa kuandika ndugu wa pili atakayeshika zamu baada ya mhudumu kuondoka, nami nimekuandika wewe. Ukitaka kukataa, njoo ukatae hapa, mbele yake.

Shemeji yako anakusalimu kwa maandishi, taya bado haliruhusu. Watoto wake wanakuulizia. Mama mdogo anakusalimu kwa mluzi, na binti yake na king'ora chake pia. Kocha hakujui lakini ameomba salamu zake ziingie. Nisalimie wachimba mawe wote, na yule mpishi mwenzako mwenye kigugumizi, mwambie nilipenda alivyoimba kwenye simu.

Mungu akulinde kifua, akulindie mikono isiungue, akuepushe na mawe ya huko na ya huku. Akufungulie njia ya nyumbani mapema.

Ngumi za mtu huyu ni nyingi kwa mmoja. Njoo tugawane.

Ni mimi akupendaye, hata nikikutukana,
Dada yako Mkubwa.